Sentensi ya Shamba

Kila nisikiapo tupa ikinoa panga, ule mkwaruzo wa chuma juu ya chuma, mwili hunisisimka na nywele hunisimama. Wenzangu hudhani naogopa wezi. Ngoja niwaambie ninyi.

Nilikuwa darasa la tano, kule Handeni. Mwalimu wetu wa Kiingereza, kijana mgeni kutoka Korogwe, alikuwa akitufundisha kusema mtu ana kitu. Mimi ni "have", baba ni "has", na aliyechanganya alikula fimbo ya mgongo. Zamu yangu ilipofika nikasimama, nikatamka polepole: "My father has a farm." Baba yangu ana shamba.

"Mwongo!" akafoka Athumani, mtoto wa baba mkubwa, niliyekaa naye dawati moja. "Shamba lile ni la baba yangu!"

"Sema kwa Kiingereza," mwalimu akaamuru.

Athumani akameza mate. "Your father has no farm!"

Mwalimu alifurahi mno. Akataka Athumani apigiwe makofi, na darasa zima likampigia kwa kutangaza kwamba baba yangu hana shamba. Makofi hayajakoma, nikawa nimemng'ata sikio, naye akanibamiza uso kwenye dawati. Jino likaruka. Tulichapwa wote wawili, damu ikitudondokea kwenye sare.

Jioni baba aliutazama mdomo wangu, akauliza kulikoni. Nikamweleza.

"Athumani kasema hivyo?"

"Ndiyo, baba. Kwa Kiingereza."

Hakugusa ugali; alichukua tupa, akaketi kunoa panga.

Shamba lenyewe lilikuwa la marehemu babu. Baba na kaka yake walililima pamoja, na sote tuliliita letu. Asubuhi baba akamfuata kaka yake huko huko. Sikusikia walichoambiana, nilisikia mapanga. Mimi na bibi tulipofika mbio, mahindi yalikuwa yamelala chini, bega la baba mkubwa limepasuka, na vidole viwili vya baba havipo. Bibi akajitupa katikati yao kifudifudi.

"Nianzeni mimi! Mimi ndiye niliyewazaa!"

Baba mkubwa akaliachia panga, akaketi juu ya tuta, akalia kwa sauti kama mtoto.

Baba alipelekwa hospitali kwa bodaboda, mkono umeviringishwa kanga ya bibi. Wazee wakaligawa shamba. Bibi hakulikanyaga tena mpaka tulipomzika.

Miaka yote hiyo nilimhesabu Athumani kuwa ndiye aliyewasha moto. Juzi nikamkuta Segera, anawauzia abiria machungwa. Tulisalimiana kwa aibu, kisha akasema, "Dada, maneno yale sikuyatunga mimi. Baba alikuwa akimwambia mama kila siku. Mimi nilitafuta Kiingereza chake tu."

 Hata sentensi yangu niliiokota jikoni kwetu, mama akimnong'oneza baba: sema shamba ni lako, kabla mwenzio hajasema.