Sifuri Tatu za Hester

Hester Oldroyd alituletea barua hapa Shropshire, Uingereza, miaka thelathini, na kila Jumapili ya kwanza ya Mei hutuongoza msituni kusikiliza ndege. Tunahesabu kwa masikio, maana majani yakishachipua huoni kitu. Tena tuna adabu yetu: kiongozi ndiye anayetaja ndege kwanza. Ukimtangulia umemvunjia heshima, na chai ikimiminwa hupati hata biskuti.

Miaka minne iliyopita kamati ya msitu ilimwuliza kama misonobari mizee ikatwe kabla haijamwangukia mtu. Akasema ikatwe. Tangu hapo, katika daftari lake ambalo hakumwonyesha yeyote, mbele ya jina la kishungi, ndege mdogo kuliko wote tulio nao, akaaye kwenye misonobari, aliandika sifuri kila mwaka. Sifuri tatu. Aliamini amewafukuza kwa kauli yake mwenyewe. Haya tuliyajua baadaye. Mwaka huu, tulipokuwa tukivuka matope langoni, aliniambia tu, "Baada ya leo daftari chukua wewe, jirani. Mimi sifai." Nikadhani ni magoti yanamsumbua.

Tulifika kwenye misonobari michache iliyobaki. Vishungi walikuwa wakilia juu yetu, sauti nyembamba kama sindano. Hester akapita kimya. Nasi tukapita kimya, kama miaka yote mitatu. Kila mmoja wetu alidhani Hester amebobea mno, hajisumbui na ndege wa kila siku.

Barnaby Pugh, fundi bomba, alikuja nasi kwa mara ya kwanza. Adabu zetu hazijui.

"Samahani, mama, hawa wanaotupigia kelele hapa juu ni ndege gani? Kama bomba lenye hewa!"

Mtu akamfinya. Hester akageuka. "Wapi?"

"Si hapo juu ya kofia yako!"

"Mimi sisikii kitu."

Barnaby akamshika mabega, akamwelekeza. Hester akainua darubini. Tawini palikuwa na kishungi, mstari wa njano utosini, mdomo wazi.

"Anaimba?" akaniuliza polepole.

"Anapasua koo, Hester."

"Na mwaka jana?"

"Mwaka jana walikuwa wengi zaidi."

"Na wewe ukanyamaza!"

"Si hukuwataja?"

"Mabubu wakubwa nyie! Miaka mitatu silali, najiona muuaji, kumbe mnasikia na kunitazama tu!" Kisha akaanza kucheka, akacheka mpaka akakaa matopeni na machozi yakimtoka. "Kumbe nimekuwa kiziwi wa sauti nyembamba! Ni masikio tu, jamani. Masikio tu!"

Sijawahi kumwona mtu akifurahia uziwi namna ile. Niliona aibu, nikaona na moyo wangu umekuwa mwepesi, sijui kipi kilitangulia. Tulimwinua, suruali yake imelowa.

Daftari hakunipa. "Wewe usiye na adabu," akamwambia Barnaby, "tembea na mimi. Wakilia, sema."

Wakati wa chai Barnaby alipewa biskuti ya kwanza. Hester aliketi kwenye gogo, akafungua kurasa za nyuma, akazipiga mstari sifuri zote tatu, na pembeni ya kila moja akaandika kwa herufi kubwa: WALIKUWEPO.