Tone la Mchuzi Kiganjani

Harufu ya mawese yakianza kupata moto, kabla hayajatiwa sombe, majani ya muhogo yaliyotwangwa, mpaka leo inanirudisha jikoni kwa Mama, kule juu Masisi, siku ya Ijumaa. Ukungu uko mlangoni, kuni mbichi zinatoa moshi, macho yanawasha, na Mama anamwita mdogo wangu Zawadi. Hakuniita mimi. Alimwita Zawadi, akamdondoshea tone la mchuzi kiganjani.

"Onja, mutoto wangu. Iko sawa?"

Zawadi alilamba polepole, macho juu kama padri. "Chumvi kidogo, Mama."

Mama hakuongeza chumvi, maana ilikuwa adimu. Alichovya mwiko tena, akamdondoshea tone la pili. Kila Ijumaa ilikuwa hivyo, na mimi nimeshika kuni mlangoni, mate yananijaa mdomoni.

Zawadi alikuwa na tumbo lake. Akila chochote cha nafaka, mahindi, mtama, hata uji mwepesi, lilijaa kama ngoma, akalia mpaka asubuhi. Mama alipochoka kutafuta dawa akabadilisha chungu. Sisi wengine, yaani Baba yetu Sebastiano, kaka zangu Bauma na Kamala, na mimi, tulikula bugali wa mahindi kwenye sahani moja. Zawadi alipikiwa mateke, yale magimbi, ao ndizi peke yake, akala kando ya mafiga. Lakini Ijumaa Mama hakutaka vyungu viwili. Kanisa limekataza nyama, tumbo la Zawadi limekataza nafaka, basi nyumba nzima ifunge vyote viwili. Nyama yenyewe hata Jumatano hatukuiona. Siku nyingine tuliikosa tu. Ijumaa tuliikosa kwa ajili ya Yesu. Ila bugali wangu niliuona siku nyingine zote, na Ijumaa niliukosa kwa ajili ya Zawadi.

Kisha vita vikapanda milima yetu. Tukashuka msituni mpaka Walikale, Mama na chungu kichwani, tukapokelewa na mjane mmoja, Mama Asifiwe. Kule barabara ilikuwa imefungwa, mahindi hayakuonekana. Watu wote, wakubwa kwa wadogo, wakala kama Zawadi: mihogo, ndizi, uyoga wa msituni, sombe. Wengine walilia nyumba zao. Mimi nilifurahi. Nilisema moyoni, sasa tumekuwa sawa, Ijumaa hii Mama ataita kiganja changu. Ijumaa ikafika, mawese yakapata moto, nikanawa mikono mapema. "Zawadi, kuja uonje." Hata vita havikumwondoa pale.

Ijumaa moja Papa Kasereka, mfanyabiashara kutoka Butembo ambaye Mama alikuwa anamfulia nguo, alitupatia unga wa mahindi kidogo. Kwa njaa ile Mama akavunja sheria yake ya Ijumaa, akausonga. Harufu yake ilimwamsha Baba aliyekuwa amelala nje. Tukakaa, sahani moja, sombe na uyoga katikati, mikono inagongana, Kamala ananiibia tonge na mimi namfinya, Baba anacheka kwa mara ya kwanza tangu tulipokimbia. Nikainua macho. Zawadi alikuwa kando ya mafiga, mateke yake yamepoa, hajayagusa.

"Unaangalia nini?" nikamuuliza. "Kula yako. Si Mama amekupikia?"

"Yangu haina watu," akasema. "Nyinyi munakula na Baba. Mimi niko nakula na chungu. Hilo tone Mama ananipa ju nisilie."

Mngedhani nilimhurumia. Nilikasirika. Miaka yote wivu ule ulikuwa kitu changu peke yangu, na yeye, hata huo akauchukua.

Siku hizi chumvi iko kila duka, unga iko kwa magunia, na bado watu wanashuka milima na vyungu kichwani. Mjukuu wangu Neema, daktari amemkataza nafaka zote. Basi kila Ijumaa anampigia simu bibi yake Zawadi huko Kirotshe: "Koko Zawadi, mateke unayachemsha na maganda? Koko Zawadi, uyoga unautia lini?" Mimi nimekaa hapa hapa nyumbani kwa Neema, nimeukodolea macho moshi ule ule, lakini nani atauliza kitu kwa bibi wa bugali?

Ijumaa iliyopita Zawadi alikuja mwenyewe. Akakaa mbele ya mbabula ya makaa na mwiko, mawese yakaanza kunuka. Akamwita Neema aonje; Neema alikuwa nje na simu yake. Zawadi akageuka.

"Dada, leta mukono."

Tone likaniunguza kiganja. Nikalamba polepole. Sombe ilikuwa imekolea, haikukosa kitu.

"Chumvi kidogo," nikasema.

Zawadi akaniangalia. Kopo la chumvi lilikuwa karibu na goti lake, hakuligusa. Alichovya mwiko tena.