Neno 'bure' linalomtia Riyama hofu

Saa kumi alasiri. Riyama Hamid amekaa katika chumba chake cha kutengeneza kompyuta, Mkunazini, bisibisi mkononi, kiboksi cha chuma mbele yake. Hakifungui. Mtu akipiga hodi, kwanza anakitupia kanga, ndipo anaitikia, "Naam."

Kiboksi hicho ni cha kamati ya maji ya mtaa mmoja wa Matemwe. Ndani yake mna programu aliyoiandika Riyama mwenyewe, jina lake Zamu. Kazi yake ni kuwasha na kuzima pampu ya kisima kwa kufuata kupwa na kujaa kwa bahari, ili mabomba yatoe maji wanawake wanaolima mwani wakishapanda kutoka pwani.

Aliitoa huru. Leseni yake inamruhusu yeyote kuitumia, kuibadilisha, hata kuiuza, mradi anayenunua apewe maandishi yote ya programu na aweze kuirekebisha.

"Ni kama kisima cha wakfu," anasema. "Utachota, utakichimba zaidi ukiweza. Kufuli huweki."

Kufuli limewekwa. Kampuni moja ya mjini imeichukua Zamu, ikaiondolea hesabu ya bahari, ikaipa saa zisizobadilika zinazozifaa hoteli za Kiwengwa, kisha ikaifungia katika viboksi vya kuuza. Matemwe nao wakauziwa.

"Maji yanatoka sisi tumo baharini hadi kiunoni," anasema Bi Mize, mwenyekiti wa kamati. "Tukirudi, bomba linatupigia mluzi. Tunalala na chumvi mwilini."

Ndiye aliyekileta kiboksi mjini, akidhani aliyeitunga programu hashindwi kuifungua. Riyama ilimbidi amwambie kuwa ufunguo inao kampuni.

Wakili Abid Pyarali amejitolea kuipeleka kampuni mahakamani. Kwake yeye, leseni isiyodaiwa popote ni karatasi ya kufungia karanga. Mwenzake Riyama, Mmanga, wa Kidichi, aliyeandika sehemu ya Zamu, hataki. Anaona wakimshitaki mmoja, wengine wote wataikimbia programu yao kama nyumba yenye ndui, na afadhali wakazungumze. Wameshakwenda kuzungumza mara mbili. Walipewa soda.

Lakini kinachomtetemesha Riyama si ubishi huo. Ni neno.

Leseni yenyewe ni ya Kiingereza, lugha yenye neno moja kwa huru na kwa bure. Siku anaitoa Zamu, aliwaonea huruma watu wa kwao, akaongeza juu yake mstari wa Kiswahili: Programu hii ni bure, chukueni. Alikusudia huru. Akaandika bure.

Mjumbe wa kampuni alimfuata chumbani, mpole, akanywa chai yake hadi chini. Alimkumbusha kwamba anayeshindwa kesi hubeba gharama. Kisha akauliza, "Dada, sasa bure unadai nini?"

Tangu hapo Riyama hukificha kiboksi kila anaposikia hodi, na akipita njia ya Vuga, anauepuka upande wa mahakama. Anaogopa jaji atausoma mstari ule na kuishia pale pale, na baada yake kila mwenye kufuli ataunyooshea kidole. Mmanga alimshauri aufute kimyakimya. Abid akamwambia asiuguse, maana nakala zimeshazagaa, na atakayeonekana mwizi ni yeye.

Hakuufuta. Jumatatu anakwenda na Abid kufungua kesi, na Bi Mize kaahidi kuja na wenzake, hata kama kumekupwa na mwani unawangoja. Riyama anataka kitu kimoja: kufuli litoke kabla ya Ramadhani, wanawake wafuturu wameshaoga.

"Nnaogopa, sikufichi," anasema. "Lakini nikiulizwa nitasema nililiandika mimi. Mama yangu jirani akija na ndoo humwambia, chukua, bure. Miaka yote hiyo hapana jirani aliyefahamu kuwa achukue na kisima."

Nje, mtu anapiga hodi. Mkono wa Riyama unaikimbilia kanga, unasita, unarudi mezani.

"Naam," anaitikia. Kiboksi kipo pale pale, hakikufunikwa.