Ini la Mtu Asiyeonja Pombe

Sifa ni zake Mungu, anayetuvumilia hata tunapowaumiza watoto wake kwa kudhani tunawatibu.

Siku yangu ya kwanza kazini, katika zahanati moja jirani na Kasansa, mganga mfawidhi aliniambia, "Tabibu, salimia kwanza, ndipo uandike." Baadaye nilihamishiwa Kibaoni, kisha Mpanda, kwenye chumba cha altrasaundi, kipimo kinachoonyesha viungo vya ndani bila kupasua.

Huko aliletwa Mama Limi, mke wa mfugaji wa Kisukuma wa Kasansa na kiongozi wa akina mama kanisani kwao. Ini lake liling'aa kwenye skrini: lilikuwa limejaa mafuta. Sisi tulizoea kusema ini la hivyo ni la mlevi.

"Mama, acha pombe," nilisema, mumewe akiwa palepale.

"Sijawahi kuionja, baba."

"Ini halidanganyi. Na maziwa ya mgando uache, ni uchafu."

Mumewe alimtazama. "Kumbe nyie mkisema mnaenda kwenye maombi, mnaenda kilabuni."

Alimrudisha kwa wazazi wake, Kibaoni, akawatangazia watu kuwa ni mlevi. Kanisani wakamvua uongozi.

Miezi ilipita, akaja daktari bingwa kutufundisha. Alisema ini la mafuta huwapata hata wasiokunywa, hasa wenye unene na kisukari. Akaeleza kwamba utumboni wanaishi bakteria wazuri na wabaya. Wabaya wakizidi, sumu zao huweza kufika kwenye ini.

Niliuliza kuhusu mgando.

"Maziwa yakichemshwa kwanza, ndipo yakagandishwa, yana bakteria wazuri. Huenda yakasaidia, utafiti unaendelea. Ila kupunguza uzito ndiyo dawa kubwa. Kwani nani anawakataza watu mgando?"

Nilifungua daftari la wagonjwa, nikatafuta jina la Mama Limi.

Jumamosi nilikwenda Kasansa kwa mumewe. "Nilikosea. Mkeo hakunywa."

"Dokta, mimi nimeshawatangazia watu wote."

"Basi twende kwa wote."

Tulizunguka kaya kwa kaya, nikirudia maneno yaleyale. Jumapili nilisimama kanisani kwao, mimi Mkatoliki, nikayasema tena. Kisha tukamfuata Mama Limi Kibaoni.

Alinisikiliza hadi mwisho. "Nimekusamehe, baba. Lakini kule kanisani ungenisubiri. Nilitaka nione nyuso zao."

Alirudi kwa mumewe baada ya mavuno; uongozi aliukataa.

Nimestaafu kwa shukrani, na aibu ile ninayo bado. Wewe unayesoma, Mungu akulindie mwili na jina lako, na akujalie tabibu anayekuamini.