Mahali pa Kuangukia

Ujumbe wa kwanza uliingia Oliva akiwa uani anaanua mpunga, na wa pili ukafuata kabla hajamaliza kuusoma wa kwanza. Vyuo viwili vilikuwa vimemchagua kusoma sheria, na alitakiwa athibitishe kimoja tu kabla dirisha la udahili halijafungwa. Kwa binti wa kijiji cha Michenga, mtoto wa wakulima walioteremka kutoka Mahenge kufuata ardhi ya mpunga, hiyo ilikuwa habari ya kushangilia. Baba yake, Melkiori, alivua kofia akaishika kwa mikono miwili kama aliyeingia kanisani. Mama yake, Aurelia, alipiga kigelegele, akakikatisha katikati, akauliza:

"Huko utalala wapi?"

Chuo kimoja kilikuwa Dar es Salaam, katikati ya mji, madarasa yako ghorofani juu ya maduka na benki. Hakikuwa na mabweni. Mwanafunzi anapanga chumba anakokujua mwenyewe, asubuhi anakuja, jioni anarudi kwake. Walimu wengi ni mawakili wenye ofisi zao mtaa wa pili, na mahakama ziko karibu kiasi kwamba mtu anaweza kwenda kusikiliza kesi kati ya kipindi na kipindi. Cha pili kilikuwa nje ya Dodoma, kwenye uwanda mkavu, na kilikuwa kama kijiji chenye uzio wake: madarasa, maktaba, mabweni, bwalo, zahanati. Huko mtu anaingia na godoro lake, na akitaka anaweza asitoke getini mpaka mitihani iishe. Chumba kimoja, wasichana wanne.

Wenzake waliokuwa na bahati kama hiyo walikuwa wakiulizana kipi kina jina zaidi. Oliva alikuwa na jambo lingine la kupima. Alikuwa na kifafa.

Ugonjwa ulimwanza akiwa darasa la tano. Ulikuja ukakaa, ukawa unamwangusha kila mwezi, mpaka alipopelekwa Ifakara mjini akaanzishiwa vidonge. Kwa vidonge alitulia. Ilikuwa inapita miezi mingi bila kuanguka, akaanza kuamini kwamba umemwacha. Kumbe haukuwa umemwacha. Akiwa kidato cha tatu, shule ya bweni, alianguka kwenye foleni ya chakula mbele ya shule nzima. Alipozinduka uji ulikuwa umemwagika kifuani kwake na duara la viatu lilikuwa limemzunguka kwa mbali, hakuna aliyemgusa. Wengi waliamini kwamba mate ya mgonjwa yanaambukiza. Kuanzia wiki ile sahani yake ilichorwa alama ya msumari kwenye kitako, asije mwingine akailia kwa bahati mbaya, na kitanda chake kikabaki peke yake ukutani, vingine vikiwa vimesogezwa. Alimaliza shule ile akiwa wa kwanza darasani, akila kwenye sahani yenye alama.

Kwa hiyo aliposoma maneno "wasichana wanne chumbani" aliikumbuka sahani ile.

"Mama, huko Dodoma tutalala wanne."

"Ndiyo maana uende huko."

"Ndiyo maana siendi."

Aurelia alirudi kwenye ungo wake akaendelea kupepeta, makapi yakimrukia usoni bila yeye kujikinga. Oliva alijua mama yake anamwona nani. Kaka yake Oliva, Beno, alikuwa na ugonjwa huohuo, enzi ambazo walikuwa bado hawajajua habari za vidonge, wanampeleka kwa waganga ng'ambo ya mto. Wageni wakija, Beno alitafutiwa shughuli ya kumweka mbali na nyumba. Siku jumuiya ya kanisa ilipokuja kusali nyumbani kwao, alitumwa shamba kuamia ndege wasile mpunga. Walimkuta jioni amelala kifudifudi kati ya mpunga, kwenye maji yasiyofika magotini. Tangu siku hiyo Aurelia hakulitaja jina lake mbele ya watu, ila Oliva akienda kuoga, mama alikuwa akisimama nje na kumkataza kufunga komeo.

"Baba, wewe unasemaje?" Oliva aliuliza jioni.

Melkiori alikuwa mtu wa maneno machache. "Mjini utaanguka barabarani," alisema. "Watu watakupekua mifuko kwanza."

"Na kule bwenini watanikimbia. Hilo nalijua tayari, baba. Mjini hanijui mtu. Nitafunga mlango wangu."

"Mlango ndio unaonitisha," mama alisema kutoka jikoni.

Hata nesi Nyamizi, aliyekuwa akimpa dawa kila mwezi pale kliniki, hakumpa alilotaka kusikia. Alimhesabia vidonge, akamfungia, kisha akashikilia ile bahasha bila kuiachia.

"Huko uendako, nani atajua?"

"Hakuna."

"Basi bado hujajiandaa," Nyamizi alisema, akaiachia.

Aliyempa Oliva moyo alikuwa Jihan. Walikutana Mlabani, mjini Ifakara, kwenye darasa la kompyuta, wote wakisubiri matokeo ya kidato cha sita. Baba yake Jihan, mzee Zubeiri, alikuwa na duka la vitambaa, nao walikuwa watu wa asili ya pwani walioishi Ifakara miaka mingi kuliko wengi wa wenyeji wa sasa. Jihan alikuwa mcheshi, mwenye kusema haraka, na alimpenda Oliva kwa sababu Oliva alicheka pale wengine walipochelewa kuelewa. Naye alikuwa amechaguliwa chuo kilekile cha mjini, masomo ya biashara.

"Shangazi yangu ana chumba Ilala," alimwambia. "Mimi na wewe, Oliva. Geto letu wenyewe! Nani anataka kufungiwa porini Dodoma na kengele ya kulala?"

Oliva alicheka. Moyoni alijua kwamba pale ndipo pa kusema. Neno lilimfika mdomoni akalimeza. Alikuwa na rafiki mmoja ambaye hakuwahi kumtazama kama chungu chenye ufa, na hakutaka kumpoteza kwa sentensi moja. Alasiri hiyo, akiwa amekaa kwenye benchi la duka la mzee Zubeiri, alithibitisha chuo cha Dar es Salaam. Jihan akamkumbatia mpaka marobota ya vitenge yakaanguka.

Nyumbani hawakugombana, na hilo lilimuumiza zaidi. Melkiori alisema tu, "Haya." Aurelia aliacha kusimama nje ya bafu. Oliva aliukuta mlango hauna mtu, akafunga komeo, na kwa mara ya kwanza tangu utotoni alioga akiwa peke yake kabisa. Alitarajia kufurahi. Badala yake aliharakisha, akatoka na sabuni masikioni.

Wiki iliyofuata kwa akina Jihan walifanya dua ya kumuaga binti yao, na Oliva akaalikwa akalale huko siku mbili asaidie kupika. Alipofungasha begi alivishika vidonge, akavitazama, akavirudisha chini ya godoro. Wangelala chumba kimoja. Jihan alikuwa mtu wa kufungua mabegi ya wenzake akitafuta mafuta ya kujipaka. Siku mbili si kitu, alijiambia.

Alifika akamkuta mama yake Jihan, Bi Mwanamkasi, anakanda unga.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Karibu, hapa ni kwenu."

Siku ya pili walikuwa uani wanachoma chapati, Oliva kwenye jiko la mkaa, Jihan akisukuma. Jihan alikuwa anasimulia kisa cha mteja aliyerudisha kitambaa alichokwisha kukishona. Oliva alisikia maneno yanakwenda mbali, kisha harufu ile aliyoijua, kama ya sarafu kuukuu, ikampanda puani. Alijaribu kuinuka aondoke jikoni. Hakuwahi.

Alipozinduka alikuwa kwenye bajaji, kichwa chake mapajani mwa Bi Mwanamkasi, na mkono wake wa kulia ukiwaka. Jiko lilikuwa limepinduka, makaa yamemlalia mkononi. Bi Mwanamkasi ndiye aliyemvuta kwa gauni akamwondoa motoni, na ndiye aliyekaa naye hospitali mpaka Melkiori na Aurelia walipofika kwa bodaboda. Jihan alikuwa amesimama mlangoni mwa wodi. Macho yalikuwa mekundu, lakini hakusogea.

"Kwa nini hukuniambia?" aliuliza.

"Ungenikimbia."

"Hujui ningefanya nini, Oliva! Hukunipa nafasi ya kujua. Nilisimama pale na chapati mkononi. Nilidhani unakufa. Ungeanguka kule Ilala, tuko wawili tu, ningefanya nini mimi?"

Oliva aliangalia bandeji yake.

Bi Mwanamkasi aliongea na Aurelia pembeni, lakini wodi ilikuwa ndogo na Oliva alisikia. "Dada, mimi simchukii mtoto wako, Mungu shahidi. Lakini binti ninaye mmoja. Siwezi kumpeleka mjini akawe muuguzi wakati naye bado anahitaji kutazamwa."

"Nimekuelewa," Aurelia alijibu. "Mimi mwenyewe nisingekubali."

Siku chache baadaye ulikuja ujumbe wa Jihan: shangazi amesema chumba kimeshapata mpangaji. Chini yake kulikuwa na "pole shoga" na hakuna kingine. Oliva aliusoma mara nyingi, akitafuta mahali pa kujibia. Hapakuwapo.

Alilala wiki nzima akiutazama ukuta. Kilichomkera zaidi ni kwamba bado alikitaka kile chuo. Alijiona akipanda ngazi za mahakama na daftari kwapani, akiwasikiliza mawakili wakibishana. Chumba angeweza kukipata kingine, peke yake, kwa mwenye nyumba asiyeuliza. Halafu aliwaza usiku wa kwanza, komeo limefungwa, na harufu ile ikipanda. Nani angevunja mlango? Na huyo angejuaje kwamba kuna mlango wa kuvunja? Kule shuleni watu walimwona wakamwacha. Beno hakuna aliyemwona. Alijaribu kuamua lipi baya zaidi, na kila alipoanza na lile la shuleni alijikuta anaishia kwenye lile la mpunga.

Alimwendea mama yake shambani. Aurelia alikuwa anafyeka majani makavu kwa ajili ya msimu ujao.

"Mama, dirisha la kubadili bado halijafungwa."

Aurelia alishusha fyekeo.

"Nitakwenda Dodoma. Ila sitajificha tena, na wewe usinifiche. Hata kwa jumuiya. Wakija kuniombea safari, mtawaambia naumwa nini."

Mama yake alitazama upande wa mabonde, ambako maji yalikuwa yamekauka na ng'ombe wa Wasukuma walikuwa wanapita mmojammoja. "Watasema," alinong'ona.

"Waseme."

Jumuiya ilikuja. Aurelia alisimama kusema, akakaa tena. Melkiori ndiye aliyemalizia, akiwa amekunja kofia yake: binti yetu ana kifafa, kama marehemu kaka yake Beno, tunaomba mumwombee. Jina lile lilipotajwa, Aurelia alijifunika uso kwa kanga. Baadhi ya watu waliondoka bila kunywa chai. Wengine walibaki.

Oliva alibadili chuo, na Oktoba akafika Dodoma. Chumbani aliwakuta wasichana watatu wanagombania makabati. Hakufungua begi. Alisimama katikati ya chumba na kovu lake bichi mkononi, akasema yote kwa pumzi moja: ninaumwa kifafa, nameza dawa, nikianguka nilazeni ubavu, ondoeni vitu vya kuniumiza, msinitie kijiko mdomoni wala msinimwagie maji, hakiambukizi.

Mmoja aliendelea kutandika kitanda kama hakusikia. Kesho yake alihamia chumba kingine. Wa pili alisema "sawa" bila kumtazama. Wa tatu, msichana wa Kondoa aitwaye Rabia, aliuliza, "Ubavu upi?"

"Wowote."

Habari ilimfikia mlezi wa mabweni, mama mwenye nia njema. Alimwita Oliva akamwonyesha chumba kidogo karibu na zahanati, kitanda kimoja, dirisha zuri, ufunguo wake mwenyewe. "Hapa utapumzika, hakuna wa kukusumbua," alisema.

Oliva alisimama pale mlangoni muda mrefu. Kilikuwa ndicho chumba alichokiota tangu kidato cha tatu.

"Ahsante mama," alisema hatimaye. "Nitabaki na wenzangu."

Alirudi bwenini akilia, bila kujua kama anayalilia aliyoyakataa au anayoyarudia. Usiku aliwasikia wasichana wa chumba cha jirani wakinong'ona jina lake. Jihan alikuwa ameweka picha mtandaoni akiwa mbele ya jengo refu la chuo. Oliva aliitazama, akatamani kuandika kitu, akazima simu.

Alianguka mwezi wa pili tangu afike, wiki ya majaribio, alipokuwa amekesha akisoma. Alizinduka akiwa amelala ubavu, kanga imekunjwa chini ya kichwa chake. Rabia alikuwa amekaa sakafuni, mgongo ukutani. Yule aliyesema "sawa" alikuwa amesimama mlangoni kuwazuia waliokuja kuchungulia.

"Niliogopa sana," Rabia alisema. "Sikudhani nitaogopa hivi."

"Unataka kuhama?"

Rabia alifikiri, kweli alifikiri, na Oliva alimwona akifikiri. "Sijui," alisema. "Leo siwezi kukuambia. Lala kwanza."

Asubuhi Oliva alipiga simu nyumbani. Aliposema ameanguka, alisikia kuku wa Michenga wakilia uani.

"Alikuwepo nani?" mama yake aliuliza.

"Rabia."

"Huyo Rabia ni mtoto wa nani?"

Oliva akavuta kiti, akaanza kumweleza.