Chonge Lililokaa Nyuma ya Gego

Chonge la binti yangu liliota nyuma ya gego dogo, na gego likakaa mbele, mahali pa chonge. Daktari wa meno kule Mwanza alituonyesha kwenye picha: hata mizizi ilikuwa imepishana ndani ya mfupa. Alisema angejaribu kuyarudisha kwa nyaya, ila kazi ingekuwa ndefu. Binti yangu, wakati huo kidato cha kwanza, akasema tujaribu.

Ninafundisha shule ya msingi hapa Bariadi. Kila mwezi niliomba ruhusa, na kila mwezi mwalimu mkuu aliitoa bila kunitazama usoni. Tulikwenda, nyaya zikakazwa, tukarudi mtoto ameegemea dirisha la basi, taya linamuuma. Nyumbani alishindwa hata ugali, nikamkorogea uji. Mama yangu alipokuja kutoka Lalago alimtazama mjukuu wake, akaniuliza, akiniita mama kwa Kisukuma, "Mayu, huyu anaumwa au mnamuumiza?"

Niliendelea kukoroga uji.

Kisha safari moja daktari aliitazama picha mpya kwa muda mrefu. Mzizi wa gego ulikuwa umeanza kulika kwa kuvutwa na nyaya.

"Nikilazimisha, tutayapoteza yote mawili," alisema. "Tuyaache yalipo, tuyanyooshe tu. Gego nitalichonga kidogo lifanane na chonge."

"Kwa hiyo yatabaki yamebadilishana?" binti yangu aliuliza.

"Yatabaki. Ukicheka, ni daktari wa meno tu atakayegundua."

"Basi sitaolewa na daktari wa meno."

Daktari alicheka sana. Mimi nilishindwa. Nilikuwa nawaza zile safari zote, na wanafunzi wangu walioachwa na kazi ya kunakili ubaoni.

Basi liliposimama Nyashimo, wauza karanga wakigonga madirisha, aliniuliza, "Mama, umekasirika?"

"Nimechoka tu."

"Mimi nilichoka zamani. Niliogopa kukwambia, kwa sababu wewe ndiye uliyekuwa unahangaika."

Nilimshika mkono. Na mimi nilikuwa nimejikaza kwa ajili yake, nikidhani bado anataka. Nikalala hadi Bariadi.

Nyaya zilitolewa mwaka uliofuata. Meno yamenyooka, kila moja kwenye nafasi ya mwenzake. Sasa kuna kifaa cha kuvaa usiku yasisogee. Anakisahau karibu kila siku, nami sina tena nguvu ya kumkumbusha.