Dirisha Nilifunga Mimi, Si Mama Mkwe

Nimekosa, na sitaanza kwa kutafuta visingizio. Mkinilaumu ni haki yenu. Jambo hili sijamwambia mume wangu wala mchungaji, na kanisani siku hizi naimba kwa sauti kubwa ili nisisikie mawazo yangu. Leo nalitoa kwenu kwa kuwa hamnijui.

Naishi upande wa Molo, mahali ambapo viazi vinanenepa na binadamu wanaganda. Baridi ya mwezi wa saba hapa si ya mchezo. Ukungu unashuka alfajiri, jua linatokea mchana kama mgeni asiyetaka kuketi, na nguo ukianika hazikauki. Lazima nyumba iwe na moto.

Boma letu lina nyumba tatu. Ya mama mkwe ni ya mbao, ya zamani, na upepo hupita kwenye nyufa zake unavyotaka. Yangu ni ya mawe. Ya tatu ni ya shemeji yangu, mdogo wa mume wangu, ambaye anafanya kazi Nakuru mjini na kuja nyumbani wikendi. Mke wake nitamwita Wambo, ingawa si jina lake.

Tangu niolewe, baridi ikizidi mama mkwe alikuwa anahamia kwangu. Mume wangu husafirisha viazi na lori, kwa hivyo siku nyingi tulikuwa mimi na yeye na wanangu. Tuliota moto wa makaa, tukamenya viazi na kusengenya kwaya ya kina mama. Mama yangu mzazi alifariki nikiwa mdogo. Huyu ndiye mama niliyekuwa naye, na nilimpenda bila kipimo.

Shida ni kwamba nimezaa wavulana tupu. Kwetu msichana wa kwanza hupewa jina la mama ya baba, na nyanya mwenye jina anahesabu kwamba amezaliwa upya. Kila nilipojifungua mama mkwe alikuja hospitalini na shali mpya, akafunua blanketi, akasema, "Ni sawa, hata wanaume ni watu." Majirani wakanibandika jina la Mama Boys. Nilicheka nao, lakini liliniuma kila lilipotajwa.

Kisha Wambo akaolewa, na mtoto wake wa kwanza akawa msichana.

Siku hiyo hospitalini nilikuwa nimebeba uji kwenye flaski. Mama mkwe alimpakata yule mtoto akalia machozi. "Sasa hata nikienda, sijaenda," akasema. Mimi nilisimama hapo na flaski yangu, hakuna aliyenipokea. Nilirudi nayo nyumbani na uji ukiwa umejaa.

Baridi ilipokuja mwaka uliofuata, mama mkwe alihamia kwa Wambo. Shemeji alikuwa amemletea mkewe hita ya mafuta ya taa kutoka Nakuru, kwa sababu kifua cha mtoto kilikuwa dhaifu. Unawasha kiberiti, unakaa, joto linakuja. Boma zima lilienda kuiangalia.

"Mama, kwani mwaka huu umenihama?" nikamwuliza nikijifanya natania.

"Sijakuhama. Ni huyu wajina wangu, akiamka asinione hakukaliki. Halafu ile hita ya Wambo, woi, mpaka magoti imeacha kuniuma."

Niliitikia na kutabasamu. Ndani nilikuwa nawaka kuliko hiyo hita! Nilikuwa na wivu uliofanya hata chakula kikose ladha. Nikiwa jikoni nilisikia kicheko cha mama mkwe kikitoka nyumba ile nyingine, nami nikajua ni hadithi zilezile alizokuwa akinipa mimi.

Sasa sikilizeni nilivyoanza. Mafuta ya taa yana harufu, na mama mkwe akitoka kule nguo zake zilinuka. Nikaishika hiyo harufu. Kila alipokohoa, hata kama ni chai imempalia, nilikuwa hapo.

"Hiyo ni mafuta, mama. Inashika kwa mapafu. Na huyo mtoto wenu mwenye kifua je? Si heri makaa? Makaa ikishika vizuri haina moshi, haina harufu."

"Hata mimi nimelala na jiko tangu niolewe," akasema.

"Si ndio hivyo?"

Maneno yakaingia. Asubuhi moja Wambo alikuwa anaenda sokoni kuuza mitumba yake, na mama mkwe akamwambia kwamba yeye na mtoto watashinda kwangu. Mimi huyo! Wanangu walipokwenda shule nilifagia sebule, nikatandika vitambaa vya viti ambavyo huwa navitoa mgeni wa maana akija.

Wambo alimleta mtoto amefungwa kwa leso. Alipoona jiko limeshika nje, akasema kwa adabu, "Mama Boys, hiyo ukiingiza ndani si uache dirisha wazi kidogo? Nyumba ya mawe haipumui. Nimesikia watu wakilala na jiko wasiamke."

"Wewe nenda soko. Mimi nimewasha jiko kabla ujue Molo iko wapi."

Alicheka akaenda. Alikuwa amesema kweli, na nilijua. Miaka yote hiyo nyumba yangu haikuwa na dari, na hewa ilitoka juu kwenye mabati. Ila mwaka huo mume wangu alikuwa amepiga dari na kuweka madirisha mapya yanayofunga kabisa. Kwa hivyo nilimtii kimoyomoyo bila kumpa raha ya kuniona nikitii. Niliingiza jiko, nikaweka sufuria ya maji juu, maana watu husema maji humeza sumu ya makaa, na dirisha nikaliacha wazi kiasi cha mkono kupita.

Tungeishia hapo, nisingekuwa na la kuungama.

Mama mkwe alikaa kidogo, mtoto mapajani, kisha akavuta shali. "Huku kuna upepo," akasema. "Saa hii kwa Wambo ningekuwa nimetoa sweta."

Hakusema kwa ubaya. Aliongea tu kama mzee anayesikia baridi. Lakini mimi nilisikia ananiambia kwamba hata joto umeshindwa kunipa, kama ulivyoshindwa kunipa wajina. Nikainuka, nikalifunga dirisha. Nikachukua blanketi la kijana wangu mkubwa, nikaliviringisha, nikaliziba nalo pengo la chini ya mlango wa kuelekea jikoni. Nikaongeza makaa.

"Sasa je?"

"Sasa ni sawa."

"Ni kama kwa Wambo?"

Akatoa sweta, akanicheka. "Hapa ni kuzuri kuliko kwa Wambo."

Niliwangoja mpaka wote wawili wakaanza kusinzia, nikajiambia ni ule usingizi wa joto. Kisha nikatoka, nikavuta mlango wa mbele nyuma yangu, nikaenda kwa jirani kurudisha karai lake. Karai lingeweza kungoja. Nilitaka tu mtu ajue mama mkwe amerudi kwangu. Jirani akaniwekea chai, nami nikaketi, nikaeleza vile Wambo na hita yake wameachwa. Nikarudia, maana mara ya kwanza hakushangaa vya kutosha.

Niliporudi nilibisha nikicheka. Kimya. Nikafungua.

Mama mkwe alikuwa ameegemea upande mmoja, mdomo wazi. Mtoto alikuwa amelala mapajani pake kifudifudi, mkono ukining'inia. Niliita, hakuna aliyejibu. Nilimnyakua mtoto nikamlaza kwenye nyasi za baridi, nikarudi nikamvuta mama mkwe kwa makwapa hadi nje, kichwa changu kikigonga kama ngoma. Nikapiga mayowe.

Na hapa, jamani, ndipo roho yangu ilipojulikana ni ya aina gani. Kabla watu hawajafika nilirudi ndani. Nikafungua dirisha. Nikaliondoa lile blanketi chini ya mlango nikalitupa kitandani. Wale wawili wamelala kwenye nyasi, mimi napanga nyumba!

Jirani mwenye pikapu alitukimbiza hospitali. Mtoto alilia njiani, na sijawahi kusikia sauti tamu kama ile. Mama mkwe aliwekewa hewa ya mtungi, akachukua muda mrefu kurudi. Daktari akaniuliza, "Jiko lilikuwa ndani? Na dirisha?"

Wambo alikuwa amefika kutoka sokoni, ananitazama.

"Niliacha wazi," nikasema. "Labda mama alisikia baridi akafunga."

Si dirisha lilikuwa wazi watu walipofika? Hilo nalo nililipangia jibu, kwamba nililifungua nilipowakuta. Uongo ulinitoka bila kukwaruza popote.

Mama mkwe alipopata fahamu hakukumbuka lolote la asubuhi ile. Wambo ndiye aliyemweleza, kwa upole, akimpapasa mkono.

"Ni mimi nilifunga?" akauliza.

"Usijali, mama. Ni baridi. Mshukuru Mama Boys, ndiye aliwatoa."

Mzee wa watu aligeukia ukuta. Nilikuwa nimekaa kwenye benchi hatua chache kutoka kitandani. Ningefungua mdomo tu. Sikufungua.

Alipotoka hospitali alirudi kwenye nyumba yake ya mbao. Hakukubali kuja kwangu wala kwa Wambo, hata baridi ilipouma namna gani. Lakini hilo si baya zaidi. Baya ni kwamba aliacha kumbeba wajina wake. Mtoto anakimbia kwake akiinua mikono, naye anamshika kichwa tu, anasema, "Nenda kwa mama yako." Hakai naye peke yake hata dakika. Shemeji alipomsihi, alimjibu, "Mikono iliyofunga lile dirisha si ya kuachiwa mtoto."

Nilikuwa nimetaka arudi kwangu. Sasa hayupo kwa yeyote, na ile furaha ya kuzaliwa upya niliizima mimi.

Wambo naye ananiita dada. Akipika chapati ananiletea zikiwa moto. Akipata sweta nzuri kwenye mitumba yake anawekea wanangu. Kila wema wake unanichoma, na siwezi kuukataa.

Juzi amejifungua tena, msichana. Kwa desturi huyu angepewa jina la mama yake Wambo. Tulienda kumwona, tumejaa chumbani, na Wambo akasema mbele ya wote, "Nimeongea na mama yangu, amekubali kungoja. Huyu ataitwa jina la aliyeniokolea mtoto." Akanitazama. Wanawake wakapiga vigelegele.

Mimi niliyekuwa nalilia jina, nimepewa jina.

Wakamwekea mama mkwe mtoto mapajani. Akarudisha mikono nyuma. "Mpeni mwenyewe," akasema, akinionyesha mimi kwa kidevu. "Mimi nisiguse."

Nikampokea. Alikuwa na joto, na alikuwa amelala.

Wewe unayewasha jiko ndani, usidanganyike kwa kuwa makaa hayanuki. Mafuta yakikuudhi pua utafungua mlango; makaa yatakubembeleza ulale. Sufuria ya maji haisaidii kitu. Kama una njia nyingine ya kupata joto, itumie. Kama huna, acha dirisha wazi, na usiliingize jiko mahali watu wamelala. Na wewe mwenye wivu na nyumba ya mwenzako, jichunge, kwa maana mimi nilidhani naziba baridi.

Yule mtoto mchanga bado hajui kugeuka akiitwa jina langu. Nataka nimwambie mama mkwe ukweli kabla mtoto hajajua kuliitikia. Jana nilifika hadi mlangoni kwake, nikamsikia anachochea moto peke yake, nikarudi.